Kabla Hujaenda Kusomea Siasa na Uchumi wa Asia ya Mashariki

Pasipoti iwe na muda wa kutosha kukuvusha mwaka wa kwanza wa masomo. Vyeti vithibitishwe mapema, kwa sababu mhuri wa wizara na mhuri wa ubalozi havipatikani kwa siku moja. Ukiwa mtumishi wa umma, ruhusa ya masomo uipate kwa maandishi. Ahadi ya mdomo ya mkuu wa idara haina nguvu akihamishwa. Ulizia TCU, tume ya vyuo vikuu ya Tanzania, kama chuo unachokiendea kinatambuliwa, na uulizie sasa, kabla hujakata tiketi. Haya hayahitaji maelezo. Yafanye wiki hii.

Tuje kwenye masomo yenyewe. Kwanza ujue unaingia idara ya aina gani. Shahada ya uzamili yenye "Asia ya Mashariki" katika jina lake inaweza kuwa chini ya masomo ya kieneo, ambako utasoma historia, lugha na siasa za China, Japani, Korea na Taiwan kwa pamoja. Inaweza pia kuwa chini ya idara ya uchumi au sayansi ya siasa, ambako Asia ni mfano tu na utapimwa kwa hesabu na nadharia. Ukiingia hiyo ya pili bila takwimu na ekonometriksi, yaani takwimu za kupimia mambo ya uchumi, muhula wa kwanza utakuelemea. Tafuta mtaala wao, soma masomo ya lazima moja baada ya jingine. Ukiona ekonometriksi ni ya lazima na hesabu uliziacha kidato cha nne, anza kujinoa ukiwa bado nyumbani. Programu ya R ya kuchambulia takwimu ni ya bure, ipakue leo.

Barua ya maombi nayo isiseme unataka kujifunza siri ya maendeleo ya Asia ili Afrika iige. Wanaosoma maombi wamechoshwa na sentensi hiyo, na isitoshe si sahihi, maana nchi hizo hazikupita njia moja. Korea Kusini, baada ya Park Chung-hee kutwaa madaraka 1961, iliwabeba na kuwabana wenye makampuni makubwa kwa mikopo ya benki zilizokuwa mikononi mwa serikali. POSCO, kampuni ya chuma iliyoanzishwa 1968, ilijengewa kiwanda kwa sehemu ya fedha ambazo Japani ilikubali kutoa katika mkataba wa 1965. Taiwan ilianza kwa kugawa ardhi kwa wakulima, na mauzo yake ya nje yakabebwa zaidi na viwanda vidogo na vya kati. China ilibadili mwelekeo Desemba 1978, na mabadiliko yakashika mashambani kabla ya kufika kwenye viwanda vikubwa vya mijini. Japani ilikaa na chama kimoja madarakani kuanzia 1955 hadi 1993, huku uchaguzi ukifanyika kama kawaida. Chagua nchi, chagua kipindi, kisha uwe na swali moja unaloweza kulieleza kwa pumzi moja.

Sasa lugha. Hapa naomba usiruke mstari.

Vyuo vingi vya China, Japani na Korea vina programu za Kiingereza. Tangazo litakuambia lugha ya nchi haihitajiki, na ni kweli kama unachotaka ni kuingia darasani na kufaulu mitihani. Tasnifu ni jambo jingine kabisa.

Dada mmoja niliyesoma naye alifika China akiwa na swali zuri kuliko letu sote. Alitaka kujua kwa nini wilaya mbili zinazopakana, za mkoa mmoja na sheria zilezile, moja imejaa viwanda na nyingine imejaa madeni. Swali lake lilianzia kwenye mageuzi ya kodi ya 1994. Kwa mageuzi hayo Beijing ilijichukulia sehemu kubwa zaidi ya mapato, mzigo wa shule, hospitali na barabara ukabaki kwa serikali za chini. Tangu hapo wilaya nyingi zimeishi kwa kuuza haki za kutumia ardhi na kukopa kupitia makampuni zilizoyaunda zenyewe. Mtu wa kwetu aliyewahi kuona halmashauri ikisubiri fedha kutoka Hazina anaelewa uzito wa swali hilo. Profesa wake alilifurahia, akalipitisha.

Mwaka wa kwanza ulikwenda vizuri. Masomo yote kwa Kiingereza, alama za juu. Jioni alisoma Kichina, akafaulu HSK 3, daraja la tatu la mtihani wa Kichina kwa wageni, ambalo wakati ule lilidai maneno 600. Kwa maneno 600 utanunua mboga, utapanda treni, utasalimiana na mwenye nyumba. Bajeti ya wilaya huwezi kuisoma. Vitabu vya takwimu vya mwaka, nyaraka za kamati ya chama, magazeti ya mkoa, vyote alivipata maktaba bila shida na vyote vilimshinda. Akaanza kuvipitisha kwenye programu ya kutafsiri. Majedwali yalitoka vizuri. Maelezo madogo chini ya majedwali, yale yanayosema kwamba mwaka huu wamebadilisha kinachohesabiwa, yalitoka ovyo, na hakuwa na njia ya kujua kwamba yametoka ovyo.

Akamlipa mkalimani, mwanafunzi wa shahada ya kwanza, kijana mwenye adabu zake. Baada ya miezi ya kuombaomba, mzee mmoja mstaafu wa idara ya fedha akakubali kuhojiwa. Mzee alizungumza kwa kirefu, akihesabu kwa vidole, mara akicheka, mara akishusha sauti. Kijana akageuka na kusema, "Anasema serikali iliwasaidia sana wananchi." Ndiyo tafsiri yote aliyoipata. Kijana alikuwa mtu wa kaskazini. Mzee alikuwa akichanganya Kichina sanifu na lahaja ya kwao, nusu ya maneno yakampita kijana, naye akaona haya kusema hivyo mbele ya mzee.

Kwenye jopo la kupitia maendeleo ya utafiti, profesa mmoja mwalikwa akamuuliza, "Maneno haya uliyasikia mwenyewe au uliambiwa?" Akasema kweli. Jopo likamshauri abadili mada, na mada aliyopewa ni ile wanayopewa wengi wetu: makampuni ya China nchini kwake. Akarudi Dar es Salaam, akahoji wafanyabiashara wa Kariakoo kwa Kiswahili na kuandika tasnifu nzuri. Nimeisoma. Lakini muda wa ufadhili uliisha kabla hajamaliza, na miezi ya mwisho aliilipia kwa fedha za kiwanja alichokuwa amekilipia kidogokidogo kwa miaka. Lile swali la wilaya mbili hajalijibu mpaka leo.

Mada ya China na Afrika haina ubaya. TAZARA pekee, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, inatosha kumshughulisha mtafiti maisha yake yote. Ikiwa ndilo swali linalokukosesha usingizi, liendee kwa nguvu zako zote. Ninachokipinga ni kusukumwa humo kwa sababu umekwama. Mwafrika anasafiri hadi Beijing au Seoul kusomea Asia, anaishia kuandika habari za nyumbani kwao, na nchi yake inabaki bila mtu wa kuwasoma wale walioketi upande wa pili wa meza. Reli ya Mombasa hadi Nairobi, iliyozinduliwa 2017, ilijengwa kwa mikopo ya Benki ya Exim ya China. Juni 2024 Tanzania na Korea Kusini zilikubaliana mkopo wa masharti nafuu wa hadi dola bilioni 2.5, kupitia EDCF, mfuko ambao Wakorea waliuanzisha 1987. Taasisi hizo zina wizara zinazozisimamia, makampuni yanayozisogelea na siasa zake za ndani. Tunahitaji watu wanaoweza kufuatilia jinsi zinavyoamua mambo, kwa lugha ambayo mambo hayo yanaamuliwa.

Kwa hiyo anza lugha mwaka mzima kabla ya kuondoka. Taasisi ya Confucius, inayofundisha Kichina, iko Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na Chuo Kikuu cha Nairobi kimekuwa nayo tangu 2005. Ukipata ufadhili wa serikali ya Korea, GKS, ndani yake kuna mwaka wa Kikorea. Usitafute njia ya kuuruka. Kijapani kina kanji 2,136 katika orodha ya matumizi ya kawaida, na huzimalizi kwa likizo moja. Uzamili wa mwaka mmoja wa Uingereza hauna nafasi ya kuanza lugha kutoka sifuri, kwa hiyo ukielekea huko, lugha itangulie. Kabla hujaandika pendekezo la utafiti, chukua waraka mmoja halisi wa aina utakayoitegemea, ukae nao siku nzima. Ukishindwa na ukurasa wa kwanza, ama punguza swali ama ahirisha safari.

Pamoja na lugha, hakikisha unachotaka kukisoma kinafikika. Hifadhi ya nyaraka ya Wizara ya Mambo ya Nje ya China ilifunguliwa kwa watafiti 2004. Kufikia 2013 sehemu kubwa ya nyaraka zake ilikuwa imefungwa tena. Kuanzia Aprili 2023, CNKI, hazina kuu ya majarida na takwimu za Kichina, ilipunguza kinachoweza kufunguliwa kutoka vyuo vya nje, vikiwemo vitabu vya takwimu. Anayesomea London na anayesomea Wuhan hawaoni vitu vilevile. Andikia maktaba ya chuo unachokiomba uwaulize wana nini. Japani ni wazi zaidi: e-Stat ina takwimu za serikali bila malipo, na hazina ya JACAR ina nyaraka za zamani unazoweza kuzisoma ukiwa Morogoro. Benki Kuu ya Korea nayo huweka takwimu zake mtandaoni. Jaribu zote kabla hujaapa kwa swali lako.

Msimamizi. Soma alichoandika miaka mitano iliyopita, usiridhike na kilichompa jina zamani. Muulize kwa heshima atastaafu lini. Ukianza uzamivu naye akiwa na miaka 63, unaweza kumaliza chini ya mtu asiyejua unachofanya. Tafuta wanafunzi wake wa zamani, hasa waliotoka nje, uwaulize anachukua muda gani kurudisha sura ya tasnifu. Wanaoomba ufadhili wa MEXT, wizara ya elimu ya Japani, wajue kwamba wengi huanza kama mwanafunzi mtafiti, na hiyo bado si shahada. Utafanya mtihani wa kuingia uzamili ukiwa huko, na unaweza kuushindwa. Wapo waliowaaga wazazi kwa sherehe ya "kwenda masters" bila kulijua hili.

Usalama uufikirie kama mtafiti. Sheria ya China ya kupambana na ujasusi ilipanuliwa Julai 2023 na inagusa nyaraka na data, kwa hiyo mada za Taiwan, Xinjiang au matukio ya Tiananmen ya 1989 usiende kuzihojia watu mitaani. Zinasomeka vizuri ukiwa Taipei, Tokyo au London. Korea Kusini nayo ina Sheria ya Usalama wa Taifa ya tangu 1948. Usichezee mitandaoni vitu vya kuisifu Korea Kaskazini ukidhani ni utani. Na aliyekubali kuzungumza nawe ana familia na kazi. Jina lake lisikae kwenye simu unayopitishia kila kitu.

Fedha. Posho ya serikali ya China ni yuan 3,000 kwa mwezi kwa uzamili na 3,500 kwa uzamivu. Inatosha ukikaa bweni la chuo, na ukipanga Shanghai haitoshi. Posho ya kwanza huchelewa popote uendako. MEXT wenyewe hushauri uje na takriban dola 2,000 za kuanzia. Ukifika China kwa viza ya X1, ile ya masomo ya muda mrefu, una siku 30 za kuomba kibali cha makazi, na ukilala kwa rafiki jiandikishe polisi ndani ya saa 24. Gmail na WhatsApp hazifunguki kule kwa njia ya kawaida, kwa hiyo mpe msimamizi na benki anwani nyingine ya barua pepe kabla ya kuruka.

Baridi nayo. Beijing majengo hupashwa joto kuanzia katikati ya Novemba hadi katikati ya Machi. Kusini ya mto Huai huduma hiyo ya mji mzima kwa kawaida haipo, na ndiyo maana wanaokwenda Wuhan au Nanjing wakidhani wamekwepa baridi huishia kusoma wakiwa na makoti chumbani. Bajeti ya makoti uipeleke kusini.

Mwisho, mawakala. Fomu za ufadhili wa China, Japani na Korea hutolewa bure na balozi na vyuo vyenyewe. Anayekudai hela ya kufungua faili hana anachokufungulia. Maombi ya GKS ya uzamili kwa kawaida hutangazwa mwanzoni mwa mwaka, ya MEXT kupitia ubalozi kati ya Aprili na Mei, na masharti hubadilika. Usitumie fomu ya rafiki yako ya mwaka jana, usikopi barua yake, na usisubiri wiki ya mwisho kumwomba mwalimu wako barua ya mapendekezo. Ana wengine kumi wanaoiomba wiki hiyohiyo.