Kufunga Bampa Zito la Chuma Mbele ya Pikapu: Mwongozo kutoka Gereji ya Pemba

Bampa zito la chuma ni nadra kuharibika kwenye bamba lake. Katika kazi yangu ya gereji hapa Chake Chake nimepokea mabampa yaliyolegea, yaliyoinama upande mmoja, na hata yaliyoning'inia kwa bolti moja tu, na karibu kila mara ubaya ulianzia pale bampa linapokutana na chasisi: tundu lililotobolewa kwa pupa, bolti dhaifu, au kutu iliyofunikwa kwa rangi badala ya kuondolewa. Kwa hiyo nitakawia zaidi kwenye sehemu hizo, na nitapita haraka mahali ambapo hata mwanagenzi hakosei. Maelezo haya yanahusu pikapu ambazo chasisi yake iko mbali na bodi, kama vile Hilux na Land Cruiser za kazi, ambazo ndizo zinazobeba karafuu, samaki na mchanga katika njia zetu.

Hatua ya kwanza ni kujua uzito, na ifanyike kabla ya kulipa. Bamba la chuma lenye unene wa milimita 4 lina zaidi kidogo ya kilo 31 kwa kila mita moja ya mraba, kwa hiyo fundi wa kuchomelea anayekuahidi bampa la bamba nene "lakini jepesi" apimiwe kwa mizani. Uzito huo nao hauishii pale ulipowekwa. Hilux ya milango minne ina milimita 3,085 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Ukifunga bampa la kilo 60 ambalo kitovu cha uzito wake kiko sentimita 80 mbele ya ekseli ya mbele, ekseli hiyo itaongezewa takriban kilo 76, na ile ya nyuma itapunguziwa takriban kilo 16, kama ubao uliowekwa juu ya gogo na kukandamizwa ncha moja. Ukiongeza winchi, mzigo unakua tena. Springi zilizochoka hazitaustahimili, na ni bora zibadilishwe kwanza kuliko kumkabidhi mteja gari linalogonga chini kila likishuka kilima, kwani Pemba ni kisiwa cha vilima na mabonde.

Katika hatua hiyohiyo, hakikisha kwamba bampa limetengenezwa kwa modeli ya gari lako, na kwamba kama gari lina mifuko ya hewa ya usalama, mtengenezaji ametamka wazi kuwa bampa lake linakubaliana nayo. Vihisi vya mifuko hiyo hutegemea namna sehemu ya mbele inavyopokea kishindo na kubonyea. Chuma kigumu kilichoshikwa moja kwa moja kwenye chasisi kinaweza kubadilisha mwendo wa kishindo hicho, na mfuko ukafunguka wakati usiotakiwa au ukachelewa kufunguka. Mimi sifungi bampa lisilo na maelezo hayo kwenye gari lenye mifuko ya hewa, hata mteja akisisitiza.

Baada ya hapo, egesha gari mahali tambarare, vuta hendibreki, zuia magurudumu kwa mawe au kabari, kisha fungua waya hasi wa betri. Usiguse soketi za waya za mbele papo hapo, kwa sababu mfumo wa mifuko ya hewa hubakiza umeme kwa muda. Miongozo ya Toyota hutaja sekunde 90, nami huacha dakika kadhaa zipite.

Kuondoa bampa la zamani hakuna ugumu. Ondoa vibanio vya plastiki kwa bisibisi bapa bila kuvivunja, fungua bolti za pembeni ndani ya madigadi, chomoa soketi za taa za ukungu, kisha watu wawili walivute mbele kwa usawa. Kila bolti iwekwe kwenye kopo lake lenye alama.

Sasa umefika kwenye ncha mbili za chasisi, na hapa usiwe na haraka. Upepo wa kusi na wa kaskazi yote huleta chumvi, na magari yanayopakia samaki Tumbe hudondokewa na maji ya bahari kila siku, hivyo ni nadra kukuta ncha za chasisi zikiwa safi. Zisugue kwa brashi ya waya mpaka chuma cheupe kionekane, kisha zigonge taratibu kwa nyundo ndogo na usikilize. Chuma kizima hutoa sauti kali. Chuma kilicholiwa kwa ndani husikika kizito na butu. Ukisikia sauti hiyo ya pili, kazi ya bampa isimame. Chasisi iliyooza itengenezwe kwanza na fundi anayeijua kazi hiyo, kwa kuwa bampa la kilo 60 kwenye chuma kilichooza litakuwa jambo la hatari barabarani.

Nakuomba pia usikubali bampa lichomelewe kwenye chasisi. Nilipokuwa bado najifunza kazi, niliwahi kushika tochi huku bampa likichomelewa moja kwa moja kwenye ncha za chasisi ya pikapu ya shamba, na gari lilipotoka kila mtu alisifu uimara wake. Liliporudi, palikuwa na ufa uliofuata ukingo wa weldi. Moto wa kuchomelea hubadilisha tabia ya chuma cha pembeni na kuunguza rangi ya kinga iliyo ndani ya boriti, yaani zile nguzo ndefu za chasisi, mahali ambapo brashi haifiki, na kutu huanzia hapo bila kuonekana. Zaidi ya hayo, bampa lililochomelewa haliwezi kufunguliwa pale rejeta inapohitaji kutolewa. Bolti ndiyo njia sahihi.

Matundu ya asili ya chasisi yatumike kwanza. Ikibidi kutoboa tundu jipya, toboa kwa drili, usitoboe kwa moto, na liwe mbali na kingo za boriti kadiri bampa linavyoruhusu. Lainisha ukingo wake kwa tupa, kisha lipake rangi yenye zinki ndani na nje, na uache ikauke kabisa. Sehemu yote uliyoisugua ipakwe pia, hata ile itakayofichwa na bampa. Hiyo inayofichwa ndiyo inayohitaji zaidi, kwa sababu maji ya chumvi yakiingia kati ya mabamba mawili hayatoki upesi.

Kuhusu bolti, tazama namba zilizopigwa chapa kichwani. Kwa kazi hii tumia za daraja 8.8 au zaidi, zilizopakwa zinki. Wateja wengi wa visiwani huomba bolti zisizoshika kutu, na sababu yao naielewa. Lakini bolti za kawaida za aina hiyo, zenye alama ya A2-70, zina nguvu ndogo kuliko za 8.8, na zikikaa na chuma cha kawaida kwenye unyevu wa chumvi, chuma hicho ndicho kinacholiwa haraka zaidi pale rangi ilipokwaruzika. Bolti itabaki iking'ara, na tundu lake litapanuka.

Bampa jipya lisinyanyuliwe kwa mikono mitupu. Liweke juu ya jeki yenye ubao mpana, mtu mmoja kila upande, na lipandishwe polepole mpaka matundu yakutane. Ingiza bolti zote kwa vidole kabla ya kukaza hata moja. Bolti isiyoingia kwa vidole isilazimishwe kwa spana, kwani nyuzi zitaliwa, sogeza bampa. Kisha simama hatua kumi mbele ya gari, chuchumaa, na ulinganishe mstari wa juu wa bampa na ukingo wa boneti. Pima nafasi ya kulia na ya kushoto kwa rula. Kati ya bampa na bodi mimi huacha milimita 15 hadi 20, kwa sababu bodi hucheza juu ya mipira yake wakati chasisi inapojipinda kwenye njia mbovu, na nafasi ndogo humaanisha madigadi iliyobonyea. Palipo na upungufu, jaza kwa vibati vya chuma vilivyopakwa rangi. Usivute pengo kwa nguvu ya bolti.

Kaza kwa mzunguko wa msalaba, kidogo kidogo, ukimalizia kwa spana ya kipimo, ile inayoonyesha nguvu ya kukaza. Maelezo ya mtengenezaji yafuatwe; yasipokuwepo, bolti ya M12 (yenye unene wa milimita 12) ya daraja 8.8 yenye nyuzi kavu huchukua takriban Nm 80 (Nm, yaani nyutoni-mita, ndiyo kipimo cha nguvu ya kukaza), na ya M10 takriban Nm 45. Nyuzi zilizopakwa grisi huteleza, hivyo kipimo kilekile huivuta bolti zaidi ya inavyostahili, nami hupunguza kama sehemu moja ya tano. Piga mstari wa rangi unaovuka nati na chuma, ili kulegea kwake kuonekane kwa jicho.

Taa na indiketa zirudishwe kwa soketi zake za asili. Waya wowote unaopita kwenye ukingo wa chuma uvishwe mpira, na taa za nyongeza ziwe na fyuzi yake karibu na betri. Hakikisha namba ya gari inasomeka, indiketa zinaonekana kutoka pembeni, na bampa halijaziba upepo wa rejeta. Likiziba, joto la injini litapanda pale unapopandisha kilima na mzigo. Pitisha kiganja kwenye kingo zote. Pembe kali zisagwe kwa grainda na kupakwa rangi, maana watoto wa skuli hutembea ukingoni mwa barabara, na wao hawana cha kuwakinga.

Rudisha waya wa betri, washa gari, na utazame kama taa ya onyo la mifuko ya hewa inazimika kama kawaida. Zungusha usukani hadi mwisho, pande zote mbili, uone kama tairi zinagusa. Kwa kuwa uzito umebadilisha mkao wa gari, taa kubwa zielekezwe upya usiku mbele ya ukuta.

Siku ya pili endesha mpaka Mkoani na kurudi, kisha itazame mistari ya rangi kwenye nati. Ile iliyosogea ikazwe tena kwa kipimo, na ukaguzi urudiwe baada ya mwezi. Gari likifika pwani au likibeba samaki, mwagia maji ya mfereji nyuma ya bampa jioni ileile, ukielekeza mpira kwenye maungio ya chasisi mpaka maji yanayotoka yawe safi.