Kulala ndani ya gari dogo: mambo ya kuzingatia kabla ya kuondoka Dodoma

Kitanda cha garini kijaribiwe nyumbani, mchana. Anayesubiri mpaka afike Mtera usiku ndiye anayegundua kuwa miguu haitoshi. Kunja siti za nyuma za IST au Vitz yako, ng'oa mito yake ya vichwa, sogeza siti ya abiria mbele hadi mwisho, kisha ulale kweli, dakika 20. Maumivu ya nyonga hayaji dakika ya kwanza. Gari la ukubwa huu ni kitanda cha mtu mmoja. Wa pili abebe hema.

Utakutana na pengo nyuma ya siti ya mbele. Wengi hulijaza mabegi ya nguo, nayo hubonyea usiku wa manane, ukaamka mwili umening'inia. Simamisha hapo madumu mawili ya maji yaliyojaa, yenye kimo sawa na siti iliyokunjwa, ulaze juu yake kipande cha plaiwudi cha milimita 12. Siti iliyokunjwa mara nyingi huwa na mwinamo. Usawazishe kwa blanketi lililokunjwa, ndipo utandike godoro la sponji la inchi 3. La inchi 6 litakunyima nafasi ya kugeuka.

Hewa ndiyo isiyotaka mzaha. Ukifunga vioo vyote, pumzi yako itageuka maji yanayotiririka kwenye vioo, na blanketi litalowa. Shusha vioo viwili vya pande tofauti, kama sentimita 3. Kwa mbu, shona chandarua mfano wa foronya, kipana kuliko mlango kwa sentimita 5 hivi. Fungua mlango wa nyuma, uuvishe kuanzia juu, kisha ufunge. Kitambaa kitabanwa na mpira wa mlango, na kioo utakishusha kutoka ndani mbu wakibaki nje. Upepo wa kiangazi ukileta vumbi, punguza uwazi wa upande unakotokea.

Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na alfajiri za Juni na Julai hushuka hadi nyuzi 13 au 14. Baridi hiyo hupanda pia kutoka chini, kwa hiyo blanketi moja liwe chini yako. Tafadhali, usiwashe injini ili upate joto, wala usiingize jiko la mkaa: kaboni monoksaidi haina harufu wala rangi, na aliyelala haamki kuikimbia.

Pa kuegesha, omba kwenye kituo cha mafuta chenye mlinzi au uwanja wa gesti. Kijijini, mwone kwanza mwenyekiti wa kitongoji. Mchanga wa korongo kavu unavutia kwa ulaini wake, lakini kati ya Desemba na Aprili mvua iliyonyesha mbali huweza kulijaza hata kama ulipo halijadondoka tone. Chini ya mgunga, miba hutoboa tairi, basi kagua upepo wa spea na jeki kabla ya safari. Kwenye mbuyu, angalia mashimo ya shina kama yana nyuki.

Egesha kichwa chako kikiwa upande wa mwinuko, pua ya gari ikielekea barabarani. Siti ya dereva ibaki tupu, na funguo ziwe mahali ambapo mkono unazifikia gizani.