Zabibu za asili za Bonde la Aosta: chagua aina kwa kimo cha shamba

Mkulima anayetaka kupanda mizabibu kwa kawaida huuliza kwanza aina ipi ina soko. Katika Bonde la Aosta, kaskazini-magharibi mwa Italia, swali hilo huja baadaye. Kwanza unaulizwa shamba liko kimo gani, linapata jua kwa saa ngapi, na maji yatatoka wapi. Mashamba huanza mita 300 hivi juu ya usawa wa bahari huko Donnas, yakapanda hadi karibu mita 1,200 huko Morgex, chini ya mlima Mont Blanc. Mvua ya Aosta mjini ni kama milimita 500 hadi 600 kwa mwaka, haipishani sana na ya Dodoma, kwa hiyo mkulima wa Hombolo au Makutupora atayaelewa mengi bila kufafanuliwa. Kigeni kwake ni baridi tu.

Huko chini Donnas hupandwa Nebbiolo, ambayo wenyeji huiita Picotendro. Inachelewa kuiva, hivyo inapewa joto la bondeni. Katikati ya bonde inatawala Petit Rouge, zabibu nyekundu iliyo msingi wa mvinyo wa Torrette. Sheria inadai iwe angalau asilimia 70 ya mvinyo huo. Fumin nayo huchelewa na hutoa mvinyo wa rangi nzito wenye ukakasi, kwa hiyo usiipande mahali penye kivuli cha mlima mchana. Ukifika Morgex na La Salle, habari ni Prié Blanc, nyeupe inayowahi kuiva. Anayepandisha Nebbiolo huko juu kwa sababu jina lake linauza atavuna zabibu chachu, tena akiwa na bahati.

Prié Blanc inafaa kutazamwa kwa karibu. Mizabibu yake hutambazwa juu ya vichanja vifupi hivi kwamba mvunaji huingia akiwa ameinama, na vishada vinaning'inia karibu na ardhi. Usidhani ni ubahili wa nguzo. Mawe na udongo hunywa jua mchana, usiku hurudisha joto, na paa la majani hulizuia lisipotee upesi. Hasara zake ni mgongo wa mfanyakazi na hewa kutopita vizuri, kwa hiyo punguza majani yanayofunika vishada, la sivyo ugonjwa wa ubwiri unga utakaa humo. Mahali penye joto usiige kichanja hicho. Utajiletea magonjwa bure.

Jambo la pili ni mizizi. Karibu Ulaya nzima mizabibu hubebeshwa, yaani huunganishwa, juu ya mashina ya mizabibu ya Kimarekani kwa sababu ya filoksera, mdudu anayeshambulia mizizi, aliyeingia bara hilo karne ya 19. Morgex mdudu huyo hakuenea, na Prié Blanc bado husimama juu ya mizizi yake yenyewe. Shina likifa, mkulima hulaza tawi refu la shina lililo karibu, hulifukia, huacha ncha nje, na baada ya kushika mizizi hulikata kutoka kwa mama. Ni njia rahisi na haina gharama, ila inafaa tu mahali ambapo una hakika udongo ni safi. Usilete pingili kutoka shamba usilolijua, na udongo ulioganda kwenye buti na majembe uuoshe kabla ya kuingia.

Kwenye vitalu kuna mtego mwingine. Aosta kuna zabibu iitwayo Cornalin, na ng'ambo ya mlima, Valais nchini Uswisi, kuna Cornalin pia. Si zabibu moja. Vipimo vya vinasaba vimeonyesha kwamba ya Valais ilizaliwa na Petit Rouge na Mayolet, zote za Aosta. Ya Aosta ndiyo ile Waswisi wanaiita Humagne Rouge, na ni mtoto wa hiyo Cornalin ya Valais. Mwenye kuagiza miche kwa jina tu anaweza kuja kugundua mwaka wa tatu, vishada vya kwanza vikitoka, kwamba hakununua alichokusudia. Dai miche yenye cheti cha kitalu kinachotaja aina na shina la kubebeshea. Binafsi nisingempa mkulima anayeanza Cornalin ya Valais hata bure: mwaka huu inazaa, mwakani inagoma.

Jalidi ya Aprili, ile baridi ya kugandisha, ndiyo inayowanyima watu usingizi. Machipukizi mabichi huanza kuungua joto likifika nyuzi 2 hivi chini ya sifuri. Valais wenye maji ya kutosha hunyunyizia usiku kucha, kiasi cha milimita 3 hadi 4 kwa saa. Maji yanapoganda hutoa joto, na jicho lililofunikwa na barafu hubaki karibu na sifuri. Kosa ni kufunga bomba alfajiri kwa sababu jua limeonekana. Endelea hadi barafu ianze kuyeyuka na kudondoka yenyewe. Ukikatisha mapema, umeua ulichokuwa unakilinda. Kama maji hayatoshi usiku mzima, usianze kabisa.

Maji yenyewe Valais yametoka milimani kwa karne nyingi kupitia mifereji iitwayo bisses, kazi ileile ya mifongo ya Wachagga. Ngazi za mashamba hushikiliwa na kuta za mawe zisizo na saruji, ili maji ya mvua yapenye. Ukuta ukianza kutoa tumbo, ubomoe hadi msingi na uujenge upya. Kuubandika saruji mbele ni kuyafungia maji nyuma, na siku moja ukuta utaondoka na mizabibu yote. Kazi hiyo ifanywe majira ya baridi kabla ya kupogoa, wakati bado hakuna machipukizi ya kukanyagwa.