Kukagua rekodi za ardhi kutitia kabla ya kununua ploti Nairobi

Binamu yangu anataka ploti upande wa Njiru, karibu na machimbo ya mawe. Dalali alimwambia hakuna rekodi ya shimo lolote pale. Tulifanya hivi.

1. Jua mwamba. Nairobi imekaa juu ya mawe ya volkano, si chokaa, mwamba ambao maji huuyeyusha polepole na kuacha mashimo. Shimo likifunguka hapa, shuku bomba la majitaka lililopasuka, kalvati iliyochakaa, choo cha zamani au machimbo yaliyofukiwa kwa taka. Kwa hiyo tafuta "bomba lapasuka" na "barabara yakatika".

2. Kusanya habari za magazeti na matangazo ya kaunti.

3. Hakiki kila tukio. Hapa usiharakishe. Tarehe unayoiona mara nyingi ni ya kuripotiwa, na sababu inayotajwa ni ya mtu wa kwanza kusema. Machi 2018 barabara ya Mai Mahiu–Narok ilikatika pale Suswa baada ya mvua kubwa. Vichwa vya habari vikatangaza Afrika inapasuka, huku wanajiolojia wengine wakisema ni maji yaliyosomba majivu laini ya volkano. Hata Florida, Marekani, kwenye chokaa tele, idara ya jiolojia huorodhesha "matukio ya kudidimia" tu, bila kuyaita mashimo ya chokaa, kwa kuwa mengi hayajakaguliwa na mtaalamu.

Fungua Google Earth kwenye kompyuta (ya simu inanichosha) urudishe picha za nyuma. Tafuta picha ya mwisho isiyo na shimo na ya kwanza yenye shimo. Tukio liko katikati. Msimu wa masika mawingu hufunika, basi pengo laweza kuwa la miezi. Doa jeusi nalo si lazima liwe shimo. Tazama kivuli cha nyumba jirani ujue jua liko wapi: rundo la udongo hutupa kivuli upande wa pili wa jua, lakini shimo huwa na giza kwenye ukingo ulio upande wa jua. Bwawa mara nyingi huwa na rangi moja lote.

4. Alama ya tukio kwenye ramani ikikaa katikati kabisa ya wadi, huenda mtu alikisia mahali. Waulize wazee na wenye maduka malori yalimwaga udongo wapi. Nawaamini kuliko tovuti yoyote.

5. Andikia kaunti na kampuni ya maji. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inawapa siku 21 kujibu. Usiombe orodha ya mashimo. Omba rekodi za ukarabati wa mabomba na barabara, maana shimo lililofukiwa huandikwa humo kama mita za bomba na lori za murram.