Kuhesabu sokwe kwa viota vyao: mwongozo wa kazi ya msituni

Unaweza kuzunguka msitu wa Budongo, Uganda, wiki nzima usimtie machoni sokwe hata mmoja. Utamsikia akipiga mashina kwa mbali, utakuta kokwa alizotema, yeye mwenyewe kashapotea. Lakini inua kichwa: kitanda alicholala kipo. Sokwe aliyeachishwa ziwa hujitengenezea kitanda kipya karibu kila usiku, anakunja matawi, anayakanyagia chini yake na kuyatandika majani, na kitanda hicho hubaki mtini kwa wiki kadhaa. Ndiyo maana sisi tunaowahesabu (nazungumzia sokwe mtu, si gorila) tunahesabu viota.

Nawaandikia vijana wanaoanza, maskauti wa vijijini na askari wa wanyamapori. Hesabu nzima inasimama juu ya sharti moja: juu ya mstari mnaoupita kisiwepo kiota kilichowaponyoka. Mengine yote nitakayoeleza yanaulinda mstari huo.

Hatua ya 1: Vibali, afya na mzigo

Kibale ni hifadhi ya taifa, iko chini ya Mamlaka ya Wanyamapori Uganda. Budongo ni msitu wa akiba, uko chini ya Mamlaka ya Taifa ya Misitu. Utafiti unahitaji pia kibali cha Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia. Anza kuvifuatilia miezi kadhaa kabla.

Mwenye mafua abaki kambini, hata kama ndiye kiongozi wa timu. Mwaka 2013, huko Kanyawara ndani ya Kibale, kirusi cha mafua ya kawaida ya binadamu kiliua sokwe 5 katika kundi la 56. Kwetu ni siku mbili za kupiga chafya, kwao ni msiba.

Mzigo: dira, jipiesi, tepu ya mita 50, darubini, daftari, utepe wa rangi, panga moja. Andika kwa penseli, kwa sababu wino ukinyeshewa unakimbia.

Hatua ya 2: Chora mistari ukiwa bado mezani

Chagua pointi ya kwanza kwa bahati nasibu kwenye ramani, kisha chora mistari sambamba yenye nafasi sawa, ikatize vilima na mabonde. Mstari ukiingia kwenye kinamasi, ingia nao. Usiupindishe ufuate njia ya wawindaji wala barabara za zamani za magogo, kwa maana miti ya kando ya njia si kama ya katikati ya msitu, na sokwe hawalali popote tu.

Kata majani machache kadiri uwezavyo. Mstari uliofyekwa vizuri leo, kesho unakuwa njia ya mtega waya. Huko Budongo sokwe wengi wana viganja vilivyopinda au vidole vilivyokatika kwa mitego iliyowekwa kwa ajili ya paa na nguruwe mwitu. Sitaki tuwafungulie mlango wategaji kwa panga letu.

Hatua ya 3: Tembea, simama, geuka

Watu wanne wanatosha: mmoja dira, wawili macho, mmoja daftari. Msizidi kilomita moja kwa saa.

Msimu wangu wa pili tulikuwa na mzee mmoja mwenyeji wa Masindi, aliyefuatilia sokwe tangu ujana wake. Kila hatua kumi hivi alisimama, akageuka, akatazama tulikotoka. Mimi nilikuwa mbele, nimeshapita chini ya mti mkubwa wa muhimbi bila kuandika chochote. Akaniita: "Mwanangu, hebu njoo usimame hapa." Nikarudi. Nikitazama kutoka upande wake, niliona majani machache yamegeuza tumbo juu, yamepauka katikati ya kijani kibichi, na nyuma yake kijiti kilichovunjwa, ncha yake bado nyeupe. Kiota kilikuwa kwenye panda ya tawi, wima kabisa juu ya mstari wetu. Kutoka mbele, tawi jingine lilikuwa limekifunika chote. Mzee akainama, akaokota jani lililokuwa chini yake, akanipa ninuse: mkojo, wa usiku uleule.

Tangu siku hiyo timu yangu hugeuka. Kiota kilichoko mita 25 pembeni ukikikosa, hesabu inajua kukufidia, kwa sababu inatarajia kwamba viota vya mbali vitaonekana vichache. Kilicho juu ya mstari ukikikosa, hakuna kanuni itakayokirudisha.

Hatua ya 4: Pima kwa tepu

Ukiona kiota, nenda ukasimame chini ya kitovu chake. Pima umbali kutoka hapo hadi kwenye mstari kwa pembe mraba, uandike hadi sehemu ya kumi ya mita. Usikadirie kwa macho. Jicho linapenda 5, 10 na 15, na kosa baya zaidi ni kiota cha mita moja na nusu kuandikwa sifuri. Sifuri zikijaa, hesabu itadhani tunaona eneo jembamba kuliko ukweli, na sokwe wataongezeka kwenye karatasi bila kuzaliwa.

Sokwe hulala jirani jirani, kwa hiyo ukipata kiota kimoja tafuta vingine. Kile ulichokigundua baada ya kutoka kwenye mstari kiandike pia, ila kiwekee alama yake, kisichanganywe na vile vilivyoonekana mkiwa juu ya mstari.

Andika na umri wake. Kibichi ni chenye majani ya kijani, mara nyingi na kinyesi chini. Cha pili kina majani mchanganyiko, mengine yameanza kukauka. Cha tatu ni cha kahawia lakini umbo limeshikamana. Cha nne kimetoboka na unaona anga kupitia kwake.

Hatua ya 5: Funga utepe, kisha rudi

Hapa kuna njia mbili. Ya kwanza ni kupita mara moja na kuhesabu viota vyote. Ni rahisi, lakini lazima ujue kiota hudumu siku ngapi, na jambo hilo hubadilika kwa mvua, kwa aina ya mti, kwa msimu. Tuseme tumepita kilomita 40, tumepata viota 96, na upana wetu wa kuona ni mita 15 kila upande. Eneo ni kilomita za mraba 1.2, yaani viota 80 kwa kila moja. Utafiti uliofanyika Budongo miaka ya 1990 ulipata kwamba sokwe mjenzi hutengeneza viota kama 1.09 kwa siku, kwa sababu wengine hujenga na cha mchana, na kwamba wajenzi ni kama asilimia 83 ya sokwe wote, maana watoto wadogo hulala na mama zao. Kiota kikidumu siku 46, gawanya 80 kwa 1.09, kwa 46, kwa 0.83: unapata sokwe 1.9 kwa kilomita ya mraba. Kikidumu siku 90, unapata chini kidogo ya 1. Msitu ni uleule na viota ni vilevile, lakini nusu ya sokwe wametoweka kwa sababu ya namba moja iliyoazimwa kutoka msimu mwingine.

Kwa hiyo mimi hutumia njia ya pili. Safari ya kwanza ni ya kuvitafuta viota vyote na kufunga utepe kwenye shina lililo chini ya kila kimoja, bila kuvihesabu. Kisha rudi kwenye mistari ileile kila wiki mbili, uandike vipya tu. Mwishoni unagawanya kwa siku zilizopita kati ya safari ya kwanza na ya mwisho, badala ya kugawanya kwa maisha ya kiota. Msiache muda mrefu kati ya safari, kiota kisije kikajengwa na kuporomoka hamjakiona. Njia hii inakula posho na viatu, lakini jibu lake nalitetea mbele ya mtu yeyote.

Baada ya safari ya mwisho ondoeni tepe zote, mzilinganishe na daftari.

Hatua ya 6: Kukokotoa

Upana wa kuona hutafutwa na programu ya kompyuta iitwayo Distance, inayopatikana bure. Inahitaji angalau vipimo 60 hadi 80. Mkiwa navyo 30, ongezeni kilomita, msilazimishe.

Jihadharini na kiota kimoja kuhesabiwa mnyama mmoja. Katika hifadhi ya Bwindi, hukohuko Uganda, mwaka 2006 viota vya gorila vilionyesha gorila 336, lakini vinasaba kutoka kwenye kinyesi vikaonyesha 302, kwa kuwa baadhi yao walikuwa wamejenga zaidi ya kiota kimoja usiku mmoja. Kwa sokwe tunalishughulikia hilo kwa ile 1.09.

Hatua ya 7: Ripoti

Toa kadirio pamoja na kiwango chake cha chini na cha juu, kamwe usitoe namba moja peke yake. Mistari ambayo hamkukuta kiota hata kimoja iwekwe na kilomita zake. Wapo viongozi wa timu wanaoifuta wakidhani ni aibu, na wakiifuta sokwe wanaongezeka kwa uongo. Andika mlivyotembea, nani alikuwa macho, na mvua ilinyesha lini. Ramani kamili ya viota wape wenye hifadhi, wala isibandikwe mtandaoni, kwa sababu wategaji nao wana simu.