Kujenga programu ya Java yenye maktaba za nje kwa Maven, bando likiwa dogo

Vijana wengi ninaowafundisha hapa Moshi wanaandika kodi nzuri, ila wanakwama siku programu inapotakiwa kutoka kwenye laptopu yao na kwenda kufanya kazi ofisini kwa mtu. Ndani ya IntelliJ, programu ya kuandikia kodi, inakwenda, nje inakataa. Leo tunafanya kila kitu kwenye terminali kwa Maven, zana inayopakua maktaba (kodi iliyoandikwa na wengine) na kufungasha programu, uone maktaba inatoka wapi na inakaa wapi.

Mfano wetu unajumlisha kilo za kahawa kutoka faili la CSV (maandishi yanayotenganisha safu kwa koma) la AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, lenye safu tatu: jina, tarehe, kilo. Usikate mistari kwa `split(",")`. Karani akiandika "Massawe, Anna" ndani ya alama za kunukuu, ile koma inasogeza safu zote, na pale unapotegemea kilo unakuta tarehe. Ndiyo maana tunachukua maktaba ya Commons CSV.

Hatua ya 1: kagua zana

```
mvn -version
```

Soma pia mstari wa Java. Maven hufuata `JAVA_HOME`, mpangilio wa kompyuta unaotaja Java ilipo, kwa hiyo unaweza kuwa na JDK 17 (Java yenye zana za kujengea programu) na bado ikatumia ya zamani.

Hatua ya 2: andika pom.xml

Kodi ikae `src/main/java/tz/kahawa/Mizani.java`, na `pom.xml`, faili linaloiambia Maven mradi unahitaji nini, ikae juu kabisa ya folda la mradi:

```
<project xmlns="http://maven.apache.org/POM/4.0.0">
  <modelVersion>4.0.0</modelVersion>
  <groupId>tz.kahawa</groupId>
  <artifactId>kahawa</artifactId>
  <version>1.0</version>
  <properties>
    <maven.compiler.source>17</maven.compiler.source>
    <maven.compiler.target>17</maven.compiler.target>
    <project.build.sourceEncoding>UTF-8</project.build.sourceEncoding>
  </properties>
  <dependencies>
    <dependency>
      <groupId>org.apache.commons</groupId>
      <artifactId>commons-csv</artifactId>
      <version>1.10.0</version>
    </dependency>
  </dependencies>
</project>
```

Taja namba ya toleo waziwazi, ili mwenzako akijenga mwezi ujao apate kitu kilekile.

Hatua ya 3: jenga mtandao ukiwepo

```
mvn package dependency:copy-dependencies -DincludeScope=runtime
```

Mara ya kwanza utaona mistari mingi ya kupakua, usiogope. Maven haileti Commons CSV peke yake, inaleta pia plagini zake za kukompaili na kufungasha. Vyote vinahifadhiwa `~/.m2/repository`, na miradi yako mingine itachota humohumo. Ukishafanikiwa, zima data kabisa:

```
mvn -o package
```

Hiyo `-o` inaiambia Maven isiguse mtandao. Ila ukiongeza maktaba mpya kwenye pom, itabidi uwashe data tena.

Hapa kuna jambo linalowatesa watu. Umeme ukikatika au bando likiisha katikati, Maven inaweza kuandika kwamba maktaba fulani imeshindikana, na ikaendelea kukukatalia hata mtandao ukirudi. Ukiona neno `cached` kwenye kosa, usifute folda zima la `.m2`, utapakua kila kitu upya. Ongeza `-U` tu:

```
mvn -U package
```

Hatua ya 4: endesha

Wengi hukwama hapa. Kukompaili kumepita, lakini ukiendesha kwa `java -cp target/kahawa-1.0.jar tz.kahawa.Mizani`, yaani jar (faili Maven iliyofungasha programu yako) peke yake, unapata `NoClassDefFoundError: org/apache/commons/csv/CSVFormat`. Wala hujakosea kodi. Jar ya kawaida ya Maven hubeba madarasa yako tu, na maktaba ya nje inabaki nje. Java lazima ioneshwe maktaba ilipo wakati wa kuendesha pia:

```
java -cp "target/kahawa-1.0.jar:target/dependency/*" tz.kahawa.Mizani kilo.csv
```

Kwenye Windows, weka `;` badala ya `:` katikati ya njia hizo mbili. Alama za kunukuu usiziache, vinginevyo shelli inaweza kuipanua ile nyota kabla Java haijaiona.

Hatua ya 5: peleka kwenye AMCOS

Kutoka folda la `target`, nakili kwenye flashi `kahawa-1.0.jar` na folda la `dependency`; ukiendesha huko, ondoa `target/` kwenye ile amri ya Hatua ya 4. Kompyuta ya karani haihitaji Maven wala intaneti, inahitaji Java 17 au mpya zaidi. Ikitoa `UnsupportedClassVersionError`, Java yake ni ya zamani. Kwa hiyo beba na kisakinishi cha Java kwenye flashi hiyohiyo kabla hujapanda daladala.