Laptopu inayoshinda kwenye umeme: jinsi ya kuitunzia betri

Huku Arua, Uganda, utasikia mafundi wakishauri kwamba laptopu ya dukani, ile inayochomekwa asubuhi na kuchomolewa jioni, itolewe betri kabisa na betri iwekwe kabatini. Mimi sikubaliani nao. Umeme ukikatika katikati ya barua ya mteja, kazi yote inapotea. Betri ndiyo UPS (kifaa cha kushikilia mashine umeme ukikatika) ya bure uliyo nayo, iache ndani. Kinachoiua ni kukaa imejaa pomoni huku ina joto, na hayo mawili yanazuilika. Hatua hizi ndizo nilizomfanyia shangazi yangu mwenye duka la fotokopi, anayetumia ThinkPad (laptopu ya Lenovo) ya mtumba.

Hatua ya 1: Pima kwanza

Fungua Command Prompt (dirisha la kuandikia amri kwenye Windows), andika `powercfg /batteryreport`, kisha fungua faili litakalotengenezwa. Linganisha "Design capacity" (uwezo wa betri ilipokuwa mpya) na "Full charge capacity" (uwezo wake sasa). Kama ya pili haifiki hata nusu ya ya kwanza, anza kutafuta pesa ya betri nyingine.

Hatua ya 2: Weka kikomo cha kuchaji

Seli ya lithiamu ikijaa hufika kama volti 4.2, na ikikaa hapo inachakaa hata bila kutumika. Seli iliyowekwa mwaka mzima ikiwa imejaa, kwenye joto la nyuzi 40, hubaki na takriban asilimia 65 ya uwezo wake. Ile iliyowekwa ikiwa na chaji ya asilimia 40, kwenye joto hilohilo, hubaki na takriban asilimia 85. Kwa hiyo isimamishe kwenye 80.

Kwenye Dell, bonyeza F2 wakati inawaka, tafuta mipangilio ya betri, chagua "Primarily AC Use", au "Custom" ukitaka kuandika namba zako. HP za ofisini: F10, "Battery Health Manager", kisha "Maximize my battery health". Lenovo ina programu ya Vantage, na ASUS ina MyASUS. Penye nafasi ya kuchagua, mimi hupendelea kuweka kwenye BIOS (mipangilio ya mashine yenyewe, ile inayofunguka kwa F2 au F10), kwa sababu programu inaondoka siku mtu anapofuta Windows, lakini BIOS inabaki.

Na hapo ndipo shida ya laptopu za mtumba ilipo. Nyingi zilitoka maofisini Ulaya, ambako huenda zilikuwa zimeshawekewa kikomo. Ya shangazi ilikwama kwenye asilimia 47: imechomekwa, taa inawaka, haipandi. Fundi mmoja mjini akamwambia betri imekufa, anunue nyingine. Akabadilishiwa Windows, ikabaki palepale. Betri ilikuwa nzima. ThinkPad ina namba mbili, ya kuanza kuchaji na ya kuacha. Kama ya kuanza ni 40 na ya kuacha ni 50, betri yenye 47 haitachajiwa ng'o mpaka ishuke chini ya 40. Namba hizo zinakaa kwenye chipu ya mashine yenyewe, ndiyo maana Windows mpya haikusaidia kitu. Nikazibadilisha kwenye Vantage, 75 na 80, na chaji ikaanza kupanda mbele ya macho yake.

Kwa hiyo kabla hujamlipa mtu, angalia mipangilio hiyo. Ukikuta iko sawa, angalia chaja. Dell hasa huitambua chaja yake kwa pini ndogo ya katikati. Pini ikivunjika, au chaja ikiwa ya bandia, mashine inawaka vizuri lakini inakataa kuchaji betri.

Jambo jingine linalowachanganya watu: ukiweka kikomo cha 80 wakati betri iko 100, kwa mashine nyingi haitashuka yenyewe. Chomoa, fanya kazi mpaka ipite chini ya 80, kisha chomeka tena.

Wa Linux, sakinisha TLP (programu ya kusimamia umeme na betri), andika namba zako kwenye `/etc/tlp.conf`, basi.

Hatua ya 3: Punguza joto

Chini ya mabati mwezi wa Februari, chumba chenyewe kinatosha kuichosha betri. Usiiweke laptopu juu ya kitambaa cha meza wala karibu na mashine ya fotokopi. Iinue kwa vipande viwili vya mbao ili hewa ipite chini, na umwombe fundi asafishe feni. Vile vibao vya feni vinavyouzwa barabarani sivipendi, vingi ni kelele tu.

Hatua ya 4: Itumie bila umeme mara mojamoja

Kila baada ya miezi michache iache ishuke hadi kama 20 kabla ya kuchomeka, ili asilimia unazosoma zisikudanganye. Ukiona padi ya kipanya inainuka au kifuniko cha chini hakifungi, betri imevimba. Zima, chomoa, usiibonyeze wala kuitoboa, mpelekee fundi aitoe.

Hatua ya 5: Siku ya mgao

Ukisikia umeme utakatwa kesho, ondoa kikomo usiku huo, ijaze mpaka 100, uitumie. Umeme ukirudi, rudisha 80 kabla hujachomeka.